Sanduku la Watu Wawili

Saa nane mchana, jua likishapita dirisha la karakana ya meno, vumbi la plasta hubaki hewani kama halina haraka ya kutua. Fundi aliipenda saa hiyo. Mikono yake ilifanya kazi yenyewe, kisu cha nta kikizunguka fizi za watu asiowajua, na akili ikienda ilikotaka kwenda. Kwenye rafu mbele yake seti kumi na moja za meno ya bandia zilimchekea bila midomo. Mgeni angeona kinyaa. Yeye aliona jamaa wa nyumbani, kwa sababu alishinda nao kuliko alivyoshinda na binadamu wa kawaida, na tena hawakumpinga.

Siku hiyo akili haikwenda mbali. Iliishia kwenye meza ya pembeni, kwenye kompyuta ya kliniki, ambako tangazo lilikuwa limekaa tangu asubuhi: huduma ya barua pepe za bure itafungwa Ijumaa saa sita mchana, wateja wahamishe barua zao kwa kutumia programu ya barua ya kwenye kompyuta. Ilikuwa Jumatano. Fundi alilisoma mara tatu, akarudi kwenye nta, akalisoma tena.

Mtu mwenye akili zake angeuliza: sanduku la mtu ambaye hajapata kutuma barua hata moja katika maisha yake lina nini cha kuhamisha? Na kweli hakuwahi kutuma. Tena hakuwahi kutumiwa, ukiacha matangazo ya viatu.

Mambo yalianza miaka kumi na mbili nyuma, mdogo wake alipopata kazi ya kupiga pasi kwenye hoteli ya mji wa mbali, safari ya siku mbili. Kabla hajaondoka, dada wawili hao walikwenda duka la intaneti kufunguliwa sanduku la barua. Moja. Walidhani ni kama la posta: familia moja, sanduku moja, kila mtu na ufunguo wake. Mwenye duka alikuwa na foleni mpaka mlangoni, hakuwa na muda wa kuuliza. Mdogo mtu alipofika huko akaandika barua ndefu kweli kweli, kisha akafika mahali pa kuweka anwani ya anayepelekewa, akakwama. Amwandikie nani, wakati anayepelekewa anaishi humo humo? Akabonyeza "hifadhi", akaenda kulala. Kesho yake dada mtu alifungua upande wake, akaikuta barua kwenye rasimu, akajibu chini yake, naye akahifadhi.

Basi ikawa ndiyo njia yao. Walipokuja kuambiwa kwamba watu wengine hutumiana barua, walicheka sana, na wakaendelea vilevile. Barua ikirefuka kupita kiasi walianza nyingine, mpaka zikafika kumi na nne. Mama yao naye alikuwa na nafasi yake humo. Kila Jumapili alivuta kiti kando ya Fundi na kuamuru, "Mwambie nguo za baridi avae, asione haya," na Fundi akaandika: Mama anasema nguo za baridi uvae, usione haya. Kwenye simu walisalimiana na kuulizana mvua. Maneno yenyewe, yale ya moyoni, yalikaa kwenye rasimu.

Kisha Mama akafariki, na mdogo mtu hakuja kumzika.

Wiki moja baada ya mazishi Fundi alifungua barua ya kumi na nne, akakuta aya ndefu inayoanza: Dada, najua hutaki kunisikia, ila naomba nikueleze kwa nini sikuja. Hasira ikampanda mpaka masikio yakaziba. Hakusoma mstari wa pili. Aliivuta aya nzima kwa kipanya kuanzia juu hadi chini, akaifuta, akahifadhi. Haikuchukua muda wa kupiga chafya. Hasira hasara, tunajua wote, lakini methali haiji ikakushika mkono kidole kikiwa juu ya kitufe.

Tangu siku hiyo kimya. Miezi mitano. Alipopiga simu, iliita mpaka ikakata yenyewe. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha taa ya spiriti, Fundi alifungua tovuti na kuikuta barua imekoma pale pale alipoikata. Sasa walitaka kufunga hata hapo. Barua za zamani alizitaka, ndiyo, maana sauti ya Mama ilikuwa humo. Ila kilichomkosesha usingizi kilikuwa kingine: sanduku likifungwa, mdogo wake hatakuwa na pa kumwandikia hata akibadili moyo. Na ile aya, ee, ile aya. Angeng'oa meno yake mwenyewe, yale ya kuzaliwa, ili aisome.

"Hodi, Fundi."

"Karibu, Mwalimu. Meno yako bado hayajaiva."

"Nimekuja kuyajaribu, sijaja kuyala," Mwalimu alisema nyuma ya leso.

Mwalimu alifundisha kompyuta chuo cha ufundi mpaka alipostaafu. Mzee nadhifu, kalamu mbili mfukoni, viatu vinavyong'aa, na kinywa kitupu alichokifunika kwa leso nyeupe tangu siku alipong'olewa la mwisho. Mara ya kwanza alipokuja aliketi akasema kwa huzuni, "Jino la pembe si dawa ya pengo," na Fundi, ambaye methali hiyo alikuwa ameisikia kwa kila mteja kwa miaka ishirini, alimjibu kwamba aliyeitunga hakuwahi kuja kwake kupimwa.

"Kabla hujakaa kwenye kiti changu, Mwalimu, naomba ukae kwenye kile," Fundi alisema, akimwonyesha kiti cha kompyuta. "Nina barua za kuhamisha."

Mzee wa watu! Tangu astaafu hakuna aliyemwuliza swali la kompyuta isipokuwa wajukuu, nao walimwuliza ili wamcheke. Leso iliingia mfukoni. Aliketi, akanyoosha vidole, akafungua programu ya barua ambayo kliniki ilikuwa nayo siku zote na hakuna aliyewahi kuigusa.

"Inauliza jina lako."

Fundi alisimama nyuma yake na kisu cha nta mkononi. "Hakuna nafasi ya majina mawili?"

"Inataka la mtu mmoja."

"Basi andika 'Sisi'."

Mwalimu alimtazama juu ya miwani, akaona si mzaha, akaandika Sisi. Halafu anwani. Halafu nywila, ambayo Fundi aliichapa mwenyewe kwa kidole kimoja huku akiifunika kwa kiganja, kwa sababu lilikuwa jina la utani walilomwita Mama akiwa hasikii, na lilikuwa na utovu wa adabu kidogo.

"Sasa kuna njia mbili," Mwalimu alisema, na sauti yake ikawa ya darasani. "Ya kwanza inakwenda kule, inabeba barua, inakuletea hapa. Hii ndiyo niliyofundisha miaka ishirini. Nitaiambia iache nakala kule kule, isije ikafagia kila kitu."

Alibonyeza. Mstari wa kijani ukatambaa polepole. Chumba kilikuwa kimya, taa ya spiriti ikiwaka mwali mdogo wa buluu mezani, na Fundi akahisi kama yuko majini, chini, mahali ambapo sauti hufika zikiwa zimechelewa. Barua zikaanza kushuka. Viatu nusu bei. Dawa ya kuotesha nywele. Umeshinda bahati nasibu. Viatu tena. Arobaini na mbili, na ikakoma. Kwenye rasimu paliandikwa: hakuna kitu.

Fundi aliinama mpaka karibu na skrini. "Umezimwaga, Mwalimu."

"Sijamwaga."

"Ziko wapi? Zilikuwa kumi na nne! Asubuhi nimeziona!"

"Fundi, vuta pumzi. Njia hii inajua barua zinazoingia tu. Ni tarishi, anaishia mlangoni, haingii chumbani kwako kupekua ulichoandika na hukutuma." Akakuna kidevu. "Sikujua kwamba unataka rasimu. Nani huhamisha rasimu?"

"Mimi."

"Basi tutumie ya pili. Hii haibebi. Inafungua mlango na kukuonyesha chumba kizima kilivyo kule kule, na wewe ukigusa hapa, kule kinaguswa."

Alifuta alichotengeneza, akaanza upya. Jina: Sisi. Akabadili anwani ya seva, akabadili namba ya mlango, akaweka alama kwenye kisanduku cha usalama. Programu ikakataa nywila. Mwalimu hakutikisika, alifungua tovuti, akaenda kwenye mipangilio, akakuta kifungu kinachouliza kama programu za nje zinaruhusiwa kuingia, akaruhusu. Safari hii mlango ulifunguka.

Rasimu: 14. Fundi alishusha pumzi. Kisha ikawa 90. Kisha 415. Namba ilipanda huku wote wawili wakiitazama, mpaka ikatulia kwenye 1,206.

"Ulisema ngapi?"

"Kumi na nne."

Orodha ilijaa skrini, ikashuka, ikashuka tena. Kumi na nne zilikuwa nyeusi, za kawaida. Nyingine zote zilikuwa za kijivu, kila moja imepigwa mstari katikati kwa urefu wake.

"Ahaa," Mwalimu alisema taratibu. "Kwenye tovuti, kila unapohifadhi, nakala ya zamani inafutwa na mpya inakaa mahali pake. Ila kufuta kwao ni kupiga mstari na kuficha, basi. Inabaki pale mpaka mtu aje afanye usafi. Na kwako, Fundi, hakuna aliyewahi kufagia. Programu hii haina siri, inakuonyesha na takataka zote. Ngoja nikusafishie." Kipanya kikaelekea juu, kwenye neno "Safisha".

Fundi alimdaka mkono. Alimdaka kwa nguvu, na nta ya joto iliyokuwa vidoleni ikabaki kwenye mkono mweupe wa shati la mzee.

"Usiguse kitu. Tafadhali. Usiguse kabisa."

Mwalimu alimtazama usoni, akainuka akampisha kiti. Mtu mzima haelezwi kila jambo. Alichukua meno yake ya nta kwenye kitako cha plasta, akachukua na kioo cha mkono, akaenda dirishani, akawapa mgongo skrini na mwenye nayo.

Fundi alishuka mpaka chini kabisa ya orodha, kwenye tarehe za zamani, akaanza kupanda. Ilikuwa kama kutembea ndani ya nyumba waliyoishi zamani na kukuta kila siku ingali imeketi mahali pake. Barua ya tatu ikiwa na mistari miwili, kisha mitano, kisha kurasa. Mama anasema usikope viatu vya mtu. Mama anasema amekuota. Neno ambalo yeye mwenyewe aliliandika kwa hasira mwaka wa nne na kulibadili baada ya dakika, lilikuwapo. Alipita humo polepole, kichwa chepesi, mpaka akafika wiki ile ya baada ya mazishi. Mstari wa kijivu. Akaufungua.

Dada, najua hutaki kunisikia, ila naomba nikueleze kwa nini sikuja. Ruhusa nilipewa. Nauli nilikuwa nayo. Nilifika kituoni mapema nikaketi juu ya begi langu. Walipotuita tupande, miguu ilikataa. Nilijiambia nikifika nitamwona, na nikimwona itakuwa kweli. Nikabaki pale mpaka gari likaondoka, mpaka la pili likaondoka, mpaka mfagiaji akaniomba niinue miguu apitishe ufagio. Sina sababu nyingine. Ningeweza kukudanganya kwamba walininyima ruhusa, ungeniamini. Niliogopa, Dada, nikakuachia wewe kila kitu. Niliporudi chumbani nilifungua barua ya kwanza nikasoma ya Mama tu, kila palipoandikwa Mama anasema. Ukitaka kunitukana, nitukane humu humu. Ila usiache kuandika.

Alisoma hadi mwisho, akarudi kwenye ile sentensi ya mwisho. Akaona aibu, aibu nzito ya kimwili, kifuani. Kwa miezi mitano alikuwa amejiandaa kwa sababu za kila namna, nyingine za kusamehe, nyingine za kumlaani. Hii ya mtu mzima aliyeketi juu ya begi hakuwa ameiandalia kitu. Mwenzake alimwomba jambo moja tu, asiache kuandika, na yeye alimjibu kwa kumfuta.

Machozi yalipomruhusu kuona, aligundua kwamba orodha haikuishia hapo. Juu ya ile tarehe zilikuwapo nyingine, za kijivu zote, zimepigwa mstari zote. Alihesabu thelathini na nane. Hakuziandika yeye.

"Mwalimu," aliita, "mtu akianza kuandika, akaghairi, akafuta bila kuhifadhi?"

"Tovuti inahifadhi yenyewe kila baada ya dakika moja," mzee alijibu bila kugeuka, meno ya nta mdomoni, na maneno yakamtoka yamenyooka kuliko siku zote. "Mtu anadhani hajaacha alama."

Akazifungua moja moja. Dada. Hilo tu, neno moja. Dada, umeamkaje. Dada, leo nimepiga pasi mashuka mia mbili na sikumkumbuka mtu, halafu la mia mbili na moja nikaketi chini. Dada, simu yako naiona ikiita, naogopa sauti yako. Dada. Dada, umekula? Wiki haikupita bila moja. Alikuwa anakuja, anasimama mlangoni, anaondoka. Na Fundi kila asubuhi alikuwa anafungua upande wa pili wa mlango huo huo na kuapa kwamba hakuna mtu.

Alikuwa kwenye ya thelathini na nane, akisoma, orodha iliposogea chini kidogo. Juu kabisa pakatokea mstari mpya. Mweusi. Saa yake: tisa na dakika kumi na moja. Fundi alitazama saa ya ukutani. Tisa na dakika kumi na moja.

Dada, Ijumaa wanafunga.

"Mwalimu!"

Mwalimu alikuja mbio kadiri viatu vyake vilivyomruhusu, akainama. "Huyo yumo ndani sasa hivi," alisema kwa sauti ya chini, kama vile angeweza kumshtua. Na wakiwa bado wanatazama, mstari mweusi ukageuka kijivu, na kipande chembamba cha wino kikapita katikati yake.

"Anaondoka," Fundi alisema. "Anaondoka, nifanyeje?"

"Andika. Uhifadhi. Akitazama orodha ataona."

Mikono hii iliweza kuchonga jino la mbele likafanana na pacha lake lililong'oka, lakini sasa vidole viligongana. Nta ilinata kwenye vitufe. Aliandika:

Nimekuona. Nilifuta maneno yako bila kuyasoma. Leo nimeyasoma yote, mpaka mwisho, na zile nyingine zote. Nisamehe, mdogo wangu. Usitoke. Naandika.

Akahifadhi. Hapo hakuna la kufanya tena. Mwali wa buluu ulisimama wima kwenye taa. Vumbi la plasta lilipita kwenye mwanga, likapanda badala ya kushuka. Dakika ya kwanza ikaisha. Mwalimu, kwa kujisahau, alikuwa ameuma meno ya nta mpaka yakapinda, kazi nzima ya asubuhi imeharibika, na hakuna aliyejali. Dakika ya pili. Fundi hakuomba msamaha wa pili wala hakuomba jibu refu. Aliomba tu pasije pakatokea ule mstari wa kijivu.

Barua ikabadilika. Chini ya maneno yake kulikuwa na mengine.

Nipo, Dada. Naomba uniambie Mama alizikwaje. Niambie yote, usinifichie. Nimeketi.

"Mwambie kuhusu Ijumaa," Mwalimu alinong'ona. "Tutafungua sanduku jingine, hizi zote nitazinakili, na za kijivu."

"Ijumaa itangoja," Fundi alisema.

Mwalimu akaelewa, akarudi dirishani na meno yake yaliyopinda. Fundi alifuta vidole kwenye aproni, akavuta kiti, akaandika kama walivyozoea, bila haraka, bila kupanga.

Aliondoka alfajiri, usingizini. Tulimvalisha ile nguo ya kijani yenye vifungo vikubwa uliyomletea. Watu walikuwa wengi, mvua ikatupisha. Walitaka kumfunika bila meno yake ya bandia, wakasema hayana kazi tena. Nikawaomba watoke wote. Nikayaosha kwa maji ya uvuguvugu, nikamvalisha mwenyewe. Nilipomaliza niligeuka nyuma kukuuliza kama yamekaa sawa. Nikakuta ukuta. Ndipo nilipoanza kukukasirikia.

Akahifadhi. Alingoja, mikono mapajani, bila kuogopa sana safari hii. Jibu lilikuwa fupi, na lilikuwa jeusi.

Yalikaa sawa?

Fundi alilia kwa sauti, mbele ya mteja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata makaburini. Kisha akaandika: Yalikaa sawa. Alikuwa mzuri. Njoo nikuonyeshe alipo.